Maumivu ya kisigino: Usikimbilie sindano

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni. Tunayachapa kwa ajili ya waliokosa kuyasikia na wale wanaopenda kukata ukurasa na kuutunza.)

Ndugu wasikilizaji, leo nitazungumza juu ya kisigino. Najua wapo watakaocheka na kusema bwana huyu amekwisha maneno. Juma lililopita alikuwa kwenye bei ya unga, leo ameshuka mpaka miguuni. Wanaocheka, kisigino hakijawauma bado.

Aliyeumwa anajua ninachosema. Unaamka asubuhi mzima wa afya, unashusha mguu sakafuni, na hatua ya kwanza ni kama umekanyaga msumari. Unashika ukuta. Unakwenda msalani kwa vidole kama mwizi. Baada ya hatua ishirini au thelathini maumivu yanalegea, nawe unajiambia labda ulilala vibaya. Unakwenda kazini. Unakaa kitini saa moja, unainuka, na msumari uko palepale. Jioni, baada ya kutwa ya kusimama, kisigino kinawaka moto mpaka unatafuta beseni la maji.

Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila kumi hupatwa na maumivu haya wakati fulani wa maisha yake, na wengi ni watu wa umri wa miaka 40 hadi 60. Waingereza wa zamani waliyaita kisigino cha polisi, kwa sababu askari wao wa doria walishinda wakisimama na kutembea juu ya mawe ya barabarani. Hapa mjini kwetu tungeweza kuyaita kisigino cha mlinzi, cha mwalimu, cha muuguzi, cha kondakta wa daladala, au cha mama lishe. Na kisa changu cha leo kinamhusu mama lishe mmoja, ambaye karibu nimponze.

Kwanza niseme langu. Nilipofika miaka 51 daktari aliniambia nipunguze tumbo. Mimi ni mtu wa kutii kwa pupa. Kesho yake nilianza kutembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi kituo cha pili cha daladala, asubuhi na jioni, nikiwa nimevaa viatu vyangu vya ngozi vya ofisini vyenye soli ngumu kama ubao. Nyumbani nilishinda na kandambili zilizolika kisigino, juu ya sakafu ya saruji. Wiki ya tatu msumari ukaingia.

Nilikwenda kwenye zahanati moja ya kulipia hapa mjini. Nikapigwa picha ya eksirei. Daktari akaiweka kwenye taa na kunionyesha kijimfupa kilichochomoza chini ya mfupa wa kisigino kama mwiba wa mchongoma. "Mzee, adui yako ni huyu hapa," akasema. Nilichomwa sindano ya kisigino, na yeyote aliyewahi kuchomwa sindano hiyo atakuambia kwamba machozi hayana mwanamume. Lakini siku ya tatu nilitembea kama kijana. Nilimsifu yule daktari kwa kila niliyekutana naye.

Mmoja wa niliokutana nao ni mama anayeuza chapati na supu karibu na kituo chetu. Anaamka saa kumi za usiku, anakanda unga amesimama, anachoma chapati amesimama, anahudumia wateja amesimama, na anarudi nyumbani saa nane mchana. Aliniambia kisigino chake kinamuuma mwezi wa tano sasa, na kwamba mahali fulani wamempiga picha, wakauona mwiba, wakamwambia apasuliwe uondolewe. Alikuwa anangoja zamu yake ya kupokea mchezo ili apate fedha. Na fedha hizo alikuwa amezipangia ada ya binti yake. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamwambia: "Mama, usipasuliwe. Nenda kachome sindano kama mimi, utapona kwa siku tatu."

Wiki ya tano baada ya sindano yangu, msumari ulirudi. Nikarudi zahanati, nikaambiwa tuchome ya pili. Hapo ndipo jirani yangu, muuguzi mstaafu, alipoingilia kati na kuniuliza kwa nini sijakwenda kwa watu wa fiziotherapia. Nikastaajabu. Nilidhani idara ile ni ya waliopooza na waliogongwa na magari. Kumbe hospitali zetu kubwa, kama Muhimbili, Bugando na KCMC ambako pia wataalamu hao hufundishwa, huwapokea watu wa visigino kila siku.

Aliyenipokea kwenye hospitali niliyokwenda ni binti wa umri wa mtoto wangu wa pili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Hakutazama eksirei. Aliniambia nivue viatu, akavigeuza na kuzitazama soli, kisha akatikisa kichwa. Akabonyeza kwa kidole gumba sehemu moja ya kisigino, chini, upande wa ndani, nami nikaruka. Akasema, "Ni hapo hapo." Ndipo akaanza kunisomesha, na somo lenyewe nitawasimulia kama nilivyolielewa.

Chini ya unyayo, ndani ya nyama, kuna mkanda mgumu wa nyuzinyuzi. Unaanzia kwenye mfupa wa kisigino, unapita chini ya upinde wa unyayo, unagawanyika na kushika chini ya vidole. Wewe uliyekaa karibu na redio, hebu vua kiatu. Weka mguu mmoja juu ya goti la pili, ukivute kidole gumba cha mguu kuelekea kwako. Papasa unyayo kwa mkono mwingine. Umeusikia umekakamaa kama uzi wa gitaa? Ndio huo. Mwaka 1954 Mwingereza aitwaye Hicks alieleza jinsi unavyofanya kazi: kila unapoinua kisigino ili upige hatua, vidole hukunjika, na mkanda hujizungusha kwenye shina la vidole kama kamba ya ndoo inavyojizungusha kwenye mti wa kisima. Upinde wa unyayo unainuka, mguu unakuwa imara, unasonga mbele. Hesabu mwenyewe hatua zako za siku moja, ujue kamba hiyo inavutwa mara ngapi.

Mtu anapoongeza kazi kwa ghafla, au uzito, au akishinda amesimama juu ya sakafu ngumu, au misuli ya shavu la mguu ikikaza mpaka kifundo hakikunjiki vizuri, kamba huchakaa pale inapoanzia. Ugonjwa huu kitaalamu huitwa fasaitisi ya unyayo. Kwa kawaida jina la kitabibu likiishia na "-itisi" maana yake kuna wekundu, joto na uvimbe. Lakini mwaka 2003 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya vipande vya mkanda huo vilivyotoka kwa wagonjwa 50 waliopasuliwa. Walivitazama kwa hadubini. Badala ya dalili za uvimbe walikuta nyuzi zilizochakaa na kuvurugika.

Hapo binti akasema neno nililoliandika kwenye daftari langu: "Baba, nguo iliyochakaa huiponyi kwa pasi." Sindano ile ya steroidi hutuliza, na kutuliza kwake ni kwa majuma machache. Haitengenezi nyuzi. Isitoshe, ikirudiwarudiwa inaweza kuyeyusha mto wa mafuta ulio chini ya kisigino, ambao ndio godoro letu la kukanyagia, na mara nyingine mkanda hukatika kabisa. Hakusema sindano ni haramu. Alisema yapo mahali pake, kwa mtu aliyezidiwa, mara moja, na mazoezi yakiendelea.

Nikamuuliza, "Na mwiba?" Akacheka. Ukiwapiga picha watu wazima wanaotembea bila maumivu yoyote, utaukuta mwiba kwa baadhi yao. Na wapo wanaolia kwa maumivu ambao picha yao haina mwiba. Kwa hiyo kumwonyesha mtu kijimfupa kwenye taa na kumwambia huyu ndiye adui yako ni kumkamata mpita njia kwa kuwa tu alikuwa karibu na duka lililovunjwa. Nilitoka jasho pale kitini. Nilimkumbuka mama wa chapati na zamu yake ya mchezo.

Sasa tiba. Nawaomba mchukue kalamu, kwa maana barua mlizonitumia mara nyingi zinaulizia jambo hili hili la "ulisema mara ngapi?"

Zoezi la kwanza hufanywa kitandani kabla mguu haujagusa sakafu, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa sababu huamka kwanza, wakalia, halafu wakakumbuka. Kaa ukingoni mwa kitanda. Weka mguu unaouma juu ya goti la mguu mzima. Shika vidole vyote, uvivute nyuma kuelekea kwenye mundi mpaka uusikie ule mkanda umekakamaa. Hesabu hadi kumi, uachie. Fanya hivyo mara kumi. Rudia mchana na jioni, na kila unapotaka kuinuka baada ya kukaa sana. Asiyefikia vidole kwa sababu ya tumbo, kama mimi siku zile, apitishe khanga chini ya vidole na kuvuta ncha zake mbili. Zoezi hili lilijaribiwa Marekani na matokeo yakachapishwa mwaka 2003, likashindanishwa na lile la kunyoosha shavu la mguu peke yake, kwa watu waliokuwa wameumwa miezi mingi. Baada ya majuma manane waliovuta vidole walikuwa na nafuu zaidi, hasa ya ile hatua ya kwanza ya asubuhi.

La pili ni la ukutani. Weka viganja ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegandamana na sakafu. Egemea mbele mpaka shavu la mguu livutike. Kaa hivyo nusu dakika, kisha kunja goti kidogo bila kuinua kisigino, ukae nusu dakika nyingine. Mara tatu zatosha.

La tatu ndilo zito, na kwangu mimi ndilo lililogeuza mambo. Unahitaji ngazi moja tu, hata kizingiti cha mlango, na taulo. Kunja taulo liwe kama chapati iliyoviringishwa, liweke ukingoni mwa ngazi, kanyaga kwa mguu unaouma huku vidole vikiwa juu ya taulo na kisigino kikining'inia nje. Shika ukuta usianguke. Panda taratibu kwa hesabu ya tatu, kaa juu hesabu mbili, shuka hesabu tatu. Mara kumi na mbili, upumzike, urudie mpaka vifike vipindi vitatu. Siku moja unafanya, siku ya pili unaacha. Hiyo siku ya kuacha si uvivu. Nyuzi hujijenga wakati wa mapumziko. Ukizoea, baada ya wiki mbili hivi, vaa begi la mgongoni lenye vitabu, upunguze idadi na kuongeza uzito. Mimi nilitia kamusi na chupa mbili za maji, wajukuu wakaniuliza babu unasafiri kwenda wapi.

Ukisikia maumivu ya kuvumilika wakati wa zoezi, usiogope. Yakiongezeka asubuhi inayofuata, punguza. Watafiti wa Denmark waliwajaribu wagonjwa 48 kwa zoezi hili, wengine wakipewa lile la kuvuta vidole. Mwezi wa tatu wenye taulo walikuwa mbele kwa mbali. Lakini nisiwadanganye: ilipotimia miezi kumi na miwili, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Maana yake, taulo linakuwahisha kufika.

Vilivyobaki ni visaidizi, nitavipitia haraka. Kuviringisha chupa ya soda chini ya unyayo, hasa ikiwa ya baridi, kunaburudisha jioni. Plasta ngumu inayofungwa na mtaalamu chini ya upinde husaidia siku chache, na ni nzuri kwa mtu anayelazimika kusimama harusini au kazini. Vipo vifaa vya kufunga mguu usiku ili usilale umejinyoosha. Vinawasaidia baadhi, wengine huvitupa chini ya kitanda siku ya pili. Ipo mashine ya mawimbi ya mshtuko inayogonga kisigino kutoka nje. Huwasaidia baadhi ya wale waliofanya mazoezi miezi kadhaa bila nafuu, lakini si ya kuanza nayo. Soli za kuweka ndani ya kiatu zinasaidia kiasi, na zile za kawaida za dukani kwa wengi zinatosha. Usikubali kirahisi kuuziwa za kupimwa mguu kwa bei ya mbuzi wawili.

Kuhusu viatu nina neno. Tuna tabia ya kutunza kiatu kizuri kwa ajili ya barabarani na kukiacha mlangoni, halafu saa zote za nyumbani tunakanyaga vigae na saruji kwa miguu mitupu au kwa kandambili nyembamba kama karatasi. Kisigino kinachouma hakijui kwamba uko nyumbani. Tafuta raba ya mtumba yenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, iwe ya ndani tu, uisafishe vizuri. Mke wangu aliniona nimevaa raba sebuleni akadhani natoroka.

Tena, usilale kitandani ukingoje kupona. Punguza mwendo, usiuache. Kama ulikuwa unatembea saa moja, tembea dakika ishirini, uongeze kidogo kidogo kila juma.

Nilipotoka hospitali siku ile nilikwenda moja kwa moja kituoni. Mama alikuwa hajachomwa sindano, ashukuriwe Mungu, kwa sababu mchezo ulikuwa haujamfikia. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, nilikupa ushauri wa kijinga." Akaniangalia kwa shaka, na nilimwelewa, mtu aliyekuambia jambo moja mwezi uliopita anakuja kukuambia jingine. Nikamwonyesha zoezi la khanga palepale kwenye benchi la wateja. Kisha nikampeleka kwa yule binti, kwa kuwa tangu siku ile nimeapa kutomtibu mtu kwa maneno.

Binti alimwongezea mambo ambayo mimi nisingeyawaza. Akande unga amekaa kwenye kigoda, meza ishushwe. Pale anaposimama kuchoma, atandike kipande cha zulia kuukuu au mkeka wa mpira. Avae raba. Kila chapati ishirini akae dakika mbili. Mama alilalamika kwamba wateja watasema amekuwa mvivu. Mwezi wa kwanza hakuona nafuu yoyote akataka kuacha. Mwezi wa pili alianza kufika msalani bila kushika ukuta. Sasa ni mwezi wa sita. Asubuhi za baridi bado kisigino kinamkumbusha, lakini zamu yake ya mchezo ilipofika, fedha zilikwenda shuleni.

Wengi hupona ndani ya mwaka bila kisu. Wachache huendelea kuumwa, na kwa hao upasuaji unaweza kuzungumzwa baada ya miezi mingi ya mazoezi ya kweli, si wiki mbili za kujaribujaribu.

Lakini si kila kisigino kinachouma ni cha mkanda. Nenda kwa daktari upesi ikiwa maumivu yanakuamsha usiku ukiwa umelala, ikiwa unyayo unakufa ganzi au kuwaka, ikiwa kuna uvimbe, joto au homa, ikiwa ulianguka au ulisikia kitu kimekatika "ta!", au ukikibana kisigino kwa viganja kutoka pande mbili kikauma sana, maana hapo mfupa wenyewe unaweza kuwa umepata ufa. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili na kuamka na mgongo uliokakamaa kila asubuhi naye aseme, kwani huenda ni ugonjwa wa viungo vya mwili mzima. Na mwenye kisukari asianze kuweka barafu wala chupa baridi chini ya mguu asioupata vizuri kwa hisia. Huyo aanzie hospitali, avue viatu vyote viwili, na aombe miguu yake itazamwe juu na chini.

Wale mnaotaka kuniuliza juu ya magoti, andikeni. Nimekwisha kumwuliza binti, na amekubali kunisomesha tena.